CD ya Ami: historia fupi ya kutafuta mshipa uliozingirwa

Najua nimepotea. Kazi za watu zilinibana, na mwenye kazi yake hana msamaha. Mliozoea kuja hapa kusoma mambo ya Linux na programu za simu mtaniwia radhi leo, kwa sababu nataka kuzungumzia kongosho. Msikimbie lakini. Kompyuta imo, tena imo katikati kabisa.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani kwetu Wasini. Mama aliniambia nisafishe droo ya kabati la zamani, na humo nikakuta CD moja ndani ya bahasha ya kaki. Juu yake kumeandikwa jina la ami yangu na tarehe ya mwaka 2018. Ndani yake mna picha za tumbo lake. Nilizitazama mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta, sijui lolote. Safari hii nilizitazama nikiwa na maswali, na majibu niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuwapa.

Ami alikuwa nahodha. Aliwapeleka watalii Kisite kutoka Shimoni kwa miaka mingi, na mkondo ulio baina ya Shimoni na Wasini aliujua kama mtu anavyojua chumba chake gizani. Mwaka ule wa 2018 macho yake yaligeuka manjano. Hakuwa na maumivu. Watu wakasema ni ini, wengine wakasema malaria iliyojificha, akanywa dawa za kila aina. Mwili ukaendelea kupungua. Mwishowe akapigwa ultrasaundi, ikaonekana njia ya nyongo imevimba na kuna kitu kwenye kichwa cha kongosho. Akapelekwa Mombasa, hospitali moja ambayo sitaitaja, akafanyiwa skani ya CT. Ripoti ilisema kuna uvimbe, na kwamba "unaonekana kugusa mishipa mikubwa". Basi. Sentensi moja.

Tulichanga. Wengine walituma shilingi 200 kwa M-Pesa, wengine waliuza mbuzi. Ami akapasuliwa. Daktari alifungua tumbo, akakuta uvimbe umeuzunguka mshipa mkubwa wa ateri pande zote, akamtengenezea nyongo njia ya mchepuko ili ule umanjano upungue, akafunga. Ami aliishi miezi mitano baada ya hapo, na karibu mwezi na nusu wa miezi hiyo aliumaliza akiuguza kidonda cha upasuaji. Aliniuliza siku moja, "Mwanangu, wewe unasomea mashine. Ile mashine haikuona?" Sikuwa na la kumjibu.

Kwanza, kwa nini mshipa?

Wengi wetu wa fani hii tulilisikia neno kongosho kwa sababu ya watu wawili. Wa kwanza ni Steve Jobs, aliyegunduliwa na uvimbe wa kongosho mwaka 2003 na kufariki tarehe 5 Oktoba 2011. Lakini wake ulikuwa wa aina nyingine, ile ya seli zinazotoa homoni, ambayo kwa kawaida huenda polepole zaidi. Wa pili ni Randy Pausch, mwalimu wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliyetoa ule mhadhara wake maarufu Septemba 2007. Yeye alikuwa na ile aina ya kawaida, iliyo kali. Alipasuliwa Septemba 2006 na akafariki tarehe 25 Julai 2008.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, na urefu wake ni kama sentimita 15. Ubaya wake ni majirani. Nyuma ya shingo yake hupita ateri inayolisha karibu utumbo mdogo wote, na kando ya ateri hiyo hupita vena inayorudisha damu. Vena hiyo huungana na nyingine na kuwa vena ya pota, inayoingia kwenye ini. Juu kidogo kuna ateri ya seliaki, inayolisha tumbo, ini na bandama. Uvimbe ukiota kwenye kichwa cha kongosho hauhitaji kusafiri mbali ili uifikie mishipa hii. Milimita chache zinatosha.

Na upasuaji ndio njia pekee yenye matumaini ya kuuondoa ugonjwa wote. Wanaofaa kupasuliwa moja kwa moja wakati ugonjwa unapogunduliwa ni takriban 15 hadi 20 katika kila 100. Wengine tayari umeenea mbali, au umeshika mishipa. Kwa hiyo swali ambalo picha inatakiwa kulijibu ni hili: uvimbe umeushika mshipa upi, na umeuzunguka kwa kiasi gani? Kuiambia familia kwamba "kuna uvimbe" hakusaidii kuamua lolote.

Zama za kisu

Zamani jibu lilipatikana kwa njia moja tu, kufungua na kutazama. Walther Kausch wa Berlin alifanikiwa kukata kichwa cha kongosho pamoja na sehemu ya utumbo mwaka 1909. Allen Whipple wa New York alichapisha habari za wagonjwa watatu mwaka 1935, na upasuaji huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Madaktari hawa waliingia wakipapasa kwa vidole. Ukikuta mshipa umeshikwa, unafunga na kumwambia mgonjwa pole.

Baadaye wengine walijaribu kukata na mshipa wenyewe. Mwaka 1951 daktari Moore wa Marekani aliripoti kuikata vena iliyoshikwa, na mwaka 1973 Fortner, naye wa Marekani, akaja na upasuaji mpana zaidi. Hapo swali likawa gumu zaidi. Vena inaweza kukatwa kipande na kuungwa tena. Ateri ni shughuli nyingine kabisa, hatari yake ni kubwa. Kujua tu kwamba mshipa umeguswa hakukutosha tena, ikabidi kujua ni upi na umeguswa kiasi gani.

Zama za kivuli

Röntgen aligundua miale ya eksirei tarehe 8 Novemba 1895 huko Würzburg, Ujerumani. Eksirei ya kawaida haioni kongosho wala mishipa, maana vyote ni nyama laini na miale hupita humo karibu sawasawa. Ujanja uliotumika ni kumwaga ndani ya mshipa dawa inayozuia miale, tuiite kontrasti, kisha kupiga picha. Egas Moniz alifanya hivyo kwa mishipa ya ubongo huko Lisbon mwaka 1927. Mwaka 1953 Sven Seldinger wa Sweden akaonyesha njia salama ya kupitisha mpira mwembamba ndani ya ateri kwa kutumia sindano na waya. Tangu hapo ikawezekana kuongoza mpira ule mpaka kwenye ateri zenyewe za kongosho. Hii ndiyo angiografia, na kwa miaka ya 1960 na 1970 ndiyo iliyokuwa macho ya daktari wa upasuaji.

Lakini fikirieni kidogo inaona nini. Inaona damu iliyo ndani ya mshipa, yaani njia tu. Mshipa ukibanwa, njia inaonekana nyembamba. Mshipa ukizibwa, njia inakatika. Uvimbe uliokumbatia ukuta wa mshipa kutoka nje bila kuubana hauonekani. Ni kama kuujua mkondo wa Wasini kwa kutazama maji yapitapo tu, bila kuujua mwamba wenyewe ulipo. Unajua pa kupita, hujui mwamba umekusogelea kiasi gani.

Mtu wa Cape Town na mtu wa EMI

Sasa tumefika kwetu, wapenda hesabu.

Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Alikuwa mwanafizikia Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilimkosa mwanafizikia wake, na kwa sheria alihitajika mtu wa kusimamia vifaa vya mionzi, basi Cormack akaombwa afike pale siku moja na nusu kwa wiki. Akiwa huko akajiuliza: miale inayopita mwilini inapunguzwa na kila kitu inachokutana nacho njiani. Nikipima kutoka pembe nyingi, je, naweza kukokotoa kila nukta ya ndani imepunguza kiasi gani?

Akatengeneza kifaa cha majaribio, mduara wa alumini uliozungukwa na mbao. Hesabu zikatoka vizuri isipokuwa pale katikati kabisa, ambapo alumini ilionekana nyepesi kidogo kuliko inavyotakiwa. Angeweza kusema ni hitilafu. Badala yake alikwenda kuwauliza mafundi, wakamwambia kwamba pale katikati walichomeka kijiti cha alumini ya aina nyingine kidogo. Hesabu yake ilikiona kijiti ambacho yeye mwenyewe hakujua kipo! Nawaambia, nilipoisoma hadithi hii nilisimama kwenye kiti. Alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali.

Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, aliyewahi kuongoza utengenezaji wa kompyuta ya transista ya EMIDEC 1100, alilifikia wazo lile lile bila kumjua Cormack. Jaribio lake la mwanzo lilichukua siku 9 kukusanya vipimo 28,000, na kompyuta kubwa ilitafuna saa 2 na nusu kuvigeuza kuwa picha moja. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa skani ya kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Picha ilikuwa na pikseli 80 kwa 80, jumla 6,400. Aikoni ya simu yako ina zaidi ya hizo. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Nobel ya tiba. Wa kwanza hakuwa na shahada ya uzamivu, na wa pili hakuwa na shahada ya chuo kikuu hata moja. Vijana, msikate tamaa.

Jambo kubwa ni kwamba sasa picha ilikuwa tarakimu. Kila pikseli ina namba, maji ni 0, hewa ni kasoro 1,000, na namba hizo zinaitwa vipimo vya Hounsfield. Kwa mara ya kwanza ukuta wa mshipa, mafuta yanayouzunguka na uvimbe ulio nje yake vinaweza kuonekana pamoja kwenye kipande kimoja.

Zama za maji kupwa na maji kujaa

Hata hivyo CT za mwanzo za tumbo hazikufaa sana kwa kongosho. Kila kipande kilichukua muda, mgonjwa anavuta pumzi, kongosho linapanda na kushuka. Vipande vilikuwa vinene kama slesi za mkate wa hoteli, na mshipa wa milimita 8 unapotea humo.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1989, Willi Kalender na wenzake wa Ujerumani walipoonyesha CT ya mzunguko, yaani mashine inazunguka bila kusimama huku kitanda kikisogea. Tumbo zima kwa pumzi moja. Mwaka 1998 zikaja mashine zinazochukua vipande vinne kwa mzunguko mmoja, na mwaka 2004 vipande 64. Sasa unaweza kupata vipande vya milimita moja au chini yake, na kompyuta inavipanga upya ukaukata mwili kwa upande wowote unaotaka.

Lakini kasi ilileta zawadi nyingine ambayo watu wa nje ya fani hawaifikirii, nayo ni saa. Hapa mtu wa pwani ataelewa haraka kuliko profesa. Ukitaka kuwaonyesha wageni mwamba, huwapeleki wakati wowote. Unangoja maji ya bamvua yakipwa. Ukienda saa mbaya utaona maji tu, na mwamba upo pale pale.

Kontrasti ikidungwa mkononi inatembea. Kwanza inajaza ateri. Ifikapo kama sekunde 40 hadi 45, kongosho lenyewe linang'aa kuliko wakati mwingine wowote, na uvimbe, ambao kwa kawaida una damu chache, unabaki mweusi mweusi. Huu ndio wakati wa kuona mpaka wa uvimbe na ateri. Ifikapo kama sekunde 70, vena na ini ndivyo vinavyong'aa. Kwa hiyo skani ya kongosho iliyo sahihi hupigwa angalau mara mbili, kila mara kwa saa yake, tena kwa vipande vyembamba. Hata hapo, takriban uvimbe 1 katika 10 hufanana rangi na kongosho na kuponyoka.

Mwaka 1997 swali likaandikwa

Programa yeyote anajua kwamba unaweza kuwa na mashine nzuri na ukashindwa kwa sababu hakuna aliyeandika unataka nini hasa. Kwa miaka mingi ripoti zilisema "unagusa", "umekaribia", "huenda umeshika". Daktari mmoja akisema kugusa ana maana hii, mwingine ana maana ile.

Mwaka 1997 David Lu na wenzake wa California walifanya jambo rahisi. Walichukua wagonjwa 25 waliopigwa CT nyembamba kwa saa ya kongosho, kisha wakapasuliwa. Kila mshipa mkubwa wakaupa daraja kuanzia 0 hadi 4 kwa kuangalia uvimbe umeuzunguka kwa sehemu gani ya duara lake. Halafu wakalinganisha na alichokikuta daktari kwa mkono wake. Jibu likatoka kwamba ukivuka nusu ya duara, mshipa huo karibu hakika hauondoki. Kipimo hicho kilikamata asilimia 84 ya mishipa isiyokatika, na kiliitambua vizuri asilimia 98 ya ile iliyo salama.

Nusu ya duara ni nyuzi 180. Namba hiyo imebaki mpaka leo. Mwaka 1999 watafiti wengine wakaongeza alama ya umbo: vena ya kawaida hukatwa mviringo, ikivutwa na uvimbe hugeuka kama tone la chozi. Mwaka 2006 hospitali ya MD Anderson ya Texas ikaeleza rasmi kundi la katikati, wale walio mpakani, ambao hupewa kemo kwanza ndipo wafikiriwe kupasuliwa. Na mwaka 2014 vyama vya wataalamu vya Marekani vikachapisha fomu ya ripoti: mshipa gani, unaguswa au la, ni nyuzi 180 au chini, au zaidi ya 180, umebadilika umbo au la. Hiyo ni fomu yenye visanduku vya kujaza. Imesaidia sana, ingawa haina transista hata moja.

Washindani wa CT

Mtaniuliza, kwani hakuna mashine nyingine? Zipo, na kila moja ina mahali pake:

- Ultrasaundi ya ndani. Tangu mwaka 1980 watafiti walianza kuweka kipaza cha ultrasaundi kwenye ncha ya mpira unaomezwa. Ukifika ndani ya tumbo la chakula uko milimita chache kutoka kwenye kongosho. Ni kama kutoka kwenye kurusha bildi kutoka juu ya chombo na kuingia kuzamia mwenyewe. Inaona uvimbe mdogo usiofika sentimita 2, na tangu mwanzo wa miaka ya 1990 inaweza kuchukua nyama kwa sindano. Udhaifu wake ni mkono wa anayeishika. Fundi mzuri anaona, fundi mbaya haoni.

- MRI. Kwa mishipa inakaribiana na CT. Nguvu yake ni njia za nyongo na madoa madogo kwenye ini. Ila ni ghali na inachukua muda.

- PET. Inaonyesha seli zinazokula sukari nyingi, hivyo inasaidia kutafuta ugonjwa ulioenea mbali. Kwa ukuta wa mshipa picha yake ina ukungu mno. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilizindua yake mwaka 2018.

- Angiografia. Kwa kazi hii imestaafu, ingawa bado inatumika kutibu mishipa inayovuja.

Mwaka 2004 madaktari wa Barcelona walizishindanisha: CT ya mzunguko, ultrasaundi ya ndani, MRI na angiografia, kwa wagonjwa 62 wale wale. Kwa kushikwa kwa mishipa, CT iliongoza kwa usahihi wa asilimia 83. Ultrasaundi ya ndani iliongoza kwa ukubwa wa uvimbe na tezi. Walichoshauri ni kuanza na CT, na ikisema uvimbe unaweza kukatwa, uhakikishe kwa ultrasaundi ya ndani. Mashine zimebadilika sana tangu mwaka ule, lakini mpangilio wa kuanza na CT haujabadilika.

Na msidhani CT ni malaika. Mgonjwa akishapewa kemo, uvimbe ukifa unaacha kovu, na kovu kwenye CT linafanana na uvimbe. Picha inasema bado umezingirwa, daktari anafungua anakuta mshipa unabanduka. Hilo bado ni tatizo la leo, na watu wengi wanajaribu kulitatua kwa programu zinazojifunza zenyewe.

Turudi kwenye CD

Kompyuta yangu ya sasa haina hata mahali pa kuingiza CD. Niliazima kifaa kwa rafiki Ukunda, nikapakua programu huria ya kusomea faili za DICOM. Kwa wasioijua, DICOM ni muundo wa faili za picha za hospitali, unaotumika kwa jina hilo tangu mwaka 1993. Uzuri wake ni kwamba kila picha hubeba maelezo yake kichwani: mashine gani, saa ngapi, kipande kina unene gani.

Nikasoma. Unene wa kipande: milimita 7. Idadi ya mifuatano baada ya kontrasti: mmoja. Na ukitazama picha, ini linang'aa, vena zinang'aa, ateri zimeanza kufifia. Maji yalikuwa yamekwisha kujaa. Kongosho na uvimbe vilikuwa rangi moja, na ile ateri iliyozungukwa pande zote ilionekana katika vipande vichache tu, kama doa lenye ukungu pembeni.

Kwa hiyo Ami, jibu lako ni hili. Mashine ile ingeweza kuona. Haikuulizwa vizuri. Kwenye karatasi ya ombi iliyokuwa ndani ya bahasha ile ile mmeandikwa maneno mawili: CT tumbo. Aliyeipiga alipiga tumbo. Hakuna aliyeandika kongosho, mishipa, kabla ya upasuaji.

Sitaki kudanganya mtu. Picha bora isingemponya. Ateri ilikuwa imezungukwa, na mwaka ule au mwaka huu jibu lingekuwa hakatwi kwanza. Lakini angejua kabla ya kisu. Umanjano ungeweza kuondolewa kwa kuwekewa kijibomba kwenye njia ya nyongo kwa kupitia mdomoni, bila kupasuliwa. Ule mwezi na nusu aliolala na bandeji angeukaa barazani, akitazama mkondo wake. Na wale waliouza mbuzi wangebaki na mbuzi wao.

Nchi yetu ilinunua mashine, hilo haliwezi kukanwa. Mwaka 2015 serikali ilitia saini mikataba ya kukodisha vifaa kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa, na skani za CT zikafuata baadaye. Mwaka 2020 kamati ya Seneti iliutolea mpango huo ripoti kali, na ilijulikana wazi kwamba baadhi ya hospitali zilikaa na vifaa bila wataalamu wa kuvitumia au umeme wa kutosha. Watu walibishana sana kuhusu bei ya mashine. Mimi ningependa tubishane vile vile kuhusu karatasi ya ombi na fomu ya ripoti, ambazo bei yake ni wino.

Ukiwa na mgonjwa wako mwenye uvimbe wa kongosho, uliza haya kwa adabu. Je, skani itapigwa kwa utaratibu wa kongosho, kwa saa mbili tofauti na vipande vyembamba? Je, ripoti itataja kila mshipa kwa jina na kama umezungukwa zaidi ya nusu? Je, picha zitatazamwa na daktari wa upasuaji na mtaalamu wa picha wakiwa pamoja kabla ya tarehe kupangwa? Na uombe nakala ya picha zako. Ni zako. Mimi si daktari, na majibu ya ugonjwa wako utayapata kwa daktari wako, lakini maswali haya hayamvunjii mtu heshima.

Haya, kwa leo tuishie hapa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaandika jinsi ya kufungua faili za DICOM kwenye Linux hatua kwa hatua, kwa yeyote mwenye CD ya mtu wake kwenye droo. CD ya Ami nimeinakili mara mbili na kuirudisha kwenye bahasha yake. Maoni yenu yaacheni hapo chini, na aliyeona kosa anisahihishe.